Antoine Balard: mtoto wa walima zabibu aliyepata dawa ya maji ndani ya maji ya kumwagwa

Kwa mtu wa Kolwezi, mabaki si kitu kigeni. Mchanga uliotoka viwandani, ule wa Kingamyambo na wa bonde la Musonoi, kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa takataka. Leo unarudishwa mashineni juu ya shaba na kobalti iliyobaki ndani yake. Karibu miaka 200 iliyopita, huko kusini mwa Ufaransa, kijana mmoja alifanya kazi ya namna hiyo, lakini yeye aliifanya kwa maji. Alichukua yale maji machungu yanayobaki kisha chumvi kutolewa, maji ambayo wavunaji chumvi walikuwa wanayamwaga hivi hivi, akatoa ndani yake kitu ambacho mtu yeyote hakuwa amekijua. Kitu hicho ni bromini. Ndiyo hiyo hiyo ambayo leo mtu mwenye jakuzi nyumbani, Kolwezi au Lubumbashi, anatia ndani ya maji ya moto ili yasigeuke kuwa makao ya vijidudu.

Kijana huyo aliitwa Antoine Jérôme Balard. Alizaliwa tarehe 30 Septemba 1802 katika mji wa Montpellier. Wazazi wake walikuwa walima zabibu, watu wa hali ya chini, wala hawakuwa na uwezo wa kumsomesha mbali. Mama yake wa ubatizo ndiye aliyemchukua, akamlea na kumtia kwenye masomo. Balard akasoma famasia, akapata kazi ya kutayarisha majaribio ya walimu katika vyuo vya mji wake. Alikuwa mtu wa kuosha chupa na kupima dawa, lakini macho yake hayakulala.

Mwaka 1824 alikuwa anachunguza mimea ya mabwawa ya chumvi karibu na bahari ya Mediterania, pamoja na maji yanayobaki humo. Alichoma mwani, akayapitisha majivu yake katika maji, akatia wanga na maji ya klorini. Alijua kwamba kama kuna iodini, rangi ya buluu itaonekana, na ilionekana kweli. Lakini juu ya ile buluu kulikuwa na tabaka lingine, la manjano kali, lenye harufu ya kukaba koo. Akajaribu tena na maji machungu ya mabwawa, ile manjano ikarudi. Kwanza alifikiri ni klorini na iodini zimeungana. Akajaribu kuzitenganisha, hazikutengana. Mwishowe akapata matone ya maji mazito mekundu, yenye kutoa mvuke mwekundu. Kumbe ilikuwa elementi mpya kabisa. Alipoitangaza mwaka 1826, alikuwa bado na miaka 23.

Mwenyewe aliipa jina la muride, kutokana na neno la Kilatini la maji ya chumvi. Wakubwa wa Chuo cha Sayansi cha Paris, akina Vauquelin, Thenard na Gay-Lussac, walikubali ugunduzi wake lakini wakabadili jina. Wakaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya harufu mbaya, na jina hilo ndilo lililobaki.

Wengine walipita karibu na mlango uleule bila kuingia. Huko Ujerumani, mwanafunzi Carl Löwig alikuwa ametoa maji mekundu kama hayo katika chemchemi ya Kreuznach mwaka 1825. Mwalimu wake akamwambia atengeneze mengi zaidi, mitihani ikamchelewesha, na Balard akatangulia kuandika. Justus von Liebig naye, mwanakemia mwenye jina kubwa, alikuwa ameletewa chupa ya kitu hicho akaibandika jina la mchanganyiko wa iodini na klorini. Alikuwa na uzoefu kumpita Balard, lakini aliamua haraka. Kijana wa Montpellier alikuwa amefikiri vilevile mwanzoni, isipokuwa yeye alikubali kupima tena.

Kazi yake ya pili haitajwi sana, ingawa kwa watu wa mashariki mwa Kongo ni ya karibu zaidi. Kila nyumba inayojua javeli inaijua kazi hiyo. Maji ya javeli yalikuwa yanatengenezwa tangu miaka ya 1780 na kitu, pale Javel karibu na Paris, lakini kilichokuwa ndani yake hakikueleweka vizuri. Mwaka 1834 Balard alichapisha uchunguzi wake, akawa amepata asidi ya haipoklorasi. Asidi hiyo ndiyo yenye nguvu ya kuua vijidudu kila mahali klorini inapotiwa majini, iwe ndoo wakati wa kipindupindu, iwe tangi la mji.

Mwaka 1841 aliitwa Paris kufundisha Sorbonne mahali pa Thenard, na mwaka 1851 akapewa kiti katika Collège de France. Alipokuwa anafundisha pia katika École Normale, alikutana na kijana aliyetakiwa kwenda kuwa mwalimu wa lise huko Tournon, mbali na maabara yoyote. Balard akakataa aondoke, akamweka kuwa msaidizi wake mwaka 1846. Kijana huyo ni Louis Pasteur. Miaka zaidi ya 10 baadaye, Pasteur alipotaka kuonyesha kwamba vijidudu havizaliwi vyenyewe ndani ya supu, Balard anatajwa kuwa ndiye aliyempa wazo la chupa yenye shingo iliyopindwa kama ya bata maji. Aliyepata dawa ya maji alimshika mkono pia yule aliyeonyesha ulimwengu kwa nini maji yanahitaji dawa.

Si kila kitu kilimwendea vizuri. Kwa miaka kama 20 Balard alitafuta njia ya kutoa potasi na chumvi nyingine zenye faida katika maji ya bahari. Njia ilipokuwa imekamaa, migodi ya potasi ya Stassfurt huko Prussia ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, na bei ikaanguka. Watu wa Lualaba hawahitaji kuelezwa bei ikianguka inafanya nini kwa kazi ya miaka. Balard alikufa Paris mwaka 1876, mwenye heshima kubwa, lakini bahari haikumpa utajiri.

Sasa, kwa nini jakuzi inapenda bromini kuliko klorini? Sababu ya kwanza ni joto. Katika maji ya digri 38 au 40, klorini inapotea haraka, na ikikutana na jasho inaunda vitu vyenye harufu kali, vya kuwasha macho, ambavyo nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo. Bromini inavumilia moto, na hata ikishaungana na jasho bado inafanya kazi. Udhaifu wake ni jua. Jakuzi ya nje isiyofunikwa inaimaliza upesi.

Sababu ya pili ni pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, ambacho Sørensen alikileta Copenhagen mwaka 1909, miaka 33 kisha Balard kufa. Maji yakifika pH 8, klorini yenye nguvu inabaki karibu robo tu, wakati bromini inabaki na kama asilimia 80. Lakini hilo si ruhusa ya kuacha kupima. Kawaida pH inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, alkali kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, na bromini kati ya 3 na 5. Alkali inarekebishwa kwanza, kisha pH, bromini mwisho.

Mtu wa shaba ataelewa haraka. Pale Luilu, asidi sulfuriki inatumiwa kutoa shaba ndani ya mawe. Maji ya jakuzi yakishuka chini ya 7.2 yanaanza kazi hiyo hiyo nyumbani, polepole. Yanakula shaba ya mabomba na ya kifaa cha kupasha moto, na alama za kijani zinatokea ukutani. Yakipanda juu sana, chokaa inaganda kwenye chuma cha moto, hasa kwa maji yaliyopita katika mawe ya dolomiti.

Kuna jambo moja lingemfurahisha Balard. Wengi wanatia chumvi ya bromidi ndani ya maji, kisha wanaongeza kiasi kidogo cha dawa ya kuiamsha. Klorini ikiwa ndiyo dawa hiyo, inaisukuma bromini itoke ndani ya chumvi. Ni lile jaribio la 1824 linarudiwa, bila anayelirudia kujua. Na onyo ni lilelile la maabara. Vidonge vya bromini visichanganywe kamwe vikavu na dawa ya klorini, wala kuwekwa katika ndoo moja, juu vinaweza kuwaka au kulipuka. Kila dawa iwe na kipimo chake, na mtoto asifike karibu.

Walima zabibu wa Montpellier hawakuacha mali, ila mtoto wao aliacha desturi ya kutomwaga kitu kabla ya kukipima. Katika nchi ambamo vilima vya mabaki vinaonekana hata kutoka barabarani, somo hilo halijapitwa na wakati.