Farrokh Bulsara, Mtoto wa Unguja Aliyejua Kuchora

Jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, vijana wetu wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba alizaliwa jirani yetu Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, watu wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa keshia wa mahakama.

Alianza kusomeshwa na masista wa Kianglikana palepale Unguja. Alipofika miaka 8 alipelekwa bweni India, shule ya St Peter's, Panchgani. Mwalimu mkuu akaona kipaji chake, akawaandikia wazazi waongeze ada kidogo ili mtoto afundishwe piano. Walimu wenzangu, barua moja tu! Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, karibu na London.

Watu husifu sauti yake. Mimi huitazama zaidi kalamu yake ya risasi. Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Huko alikutana na Tim Staffell, mwanafunzi mwenzake aliyepiga gitaa la besi na kuimba katika bendi ya Smile. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Farrokh akaingia na kuipa bendi jina jipya, Queen. Kisha akaichorea nembo kwa nyota za wanamuziki wote wanne: simba wawili, kaa, na vichimbakazi wawili kwa nyota yake mwenyewe ya Mashuke. Juu yao alimweka feniksi, ndege wa hadithi anayeungua akazaliwa upya majivuni. Hata mavazi na taa za jukwaani aliziangalia kwa jicho la mchoraji.

Ugonjwa wa Ukimwi aliuficha miaka kadhaa. Sisi tuliozika ndugu miaka ile, huku chanzo kikinong'onwa tu, tunaufahamu ukimya huo. Aliutangaza tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake, umri miaka 45. Makuhani wa Kizoroasta walimwombea katika mazishi. Mwaka 1992 wenzake wakaanzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi, Mercury Phoenix Trust, wenye jina la ndege yule wa mchoro wake.