MAISHA YA GEORG OHM, MWALIMU ALIYEPIMA WAYA



Sisi wote tumeandika U = R x I ubaoni, wengine kwa kukariri tu, juu ya mtihani. Lakini nyuma ya ile R kuko mtu, naye alikuwa mwalimu wa sekondari.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Mzee huyo hakupita mashule makubwa, alijifundisha hesabu mwenyewe, kiisha akawafundisha watoto wake, Georg na mdogo wake Martin. Mama yao alikufa Georg akiwa na miaka kumi. Mwaka 1805 Georg akaingia universite. Hapo (tusicheke sana, tunajifahamu) akapenda dansi, biliardi na kuteleza juu ya barafu kuliko vitabu. Baba akakasirika kuona wakati unapotea bure, na kijana akatoka, akaenda kufundisha hesabu Uswisi. Udaktari aliupata mwaka 1811.

Tangu mwaka 1817 alifundisha hesabu na fizike katika koleji ya Köln. Kazi ya mikono ya baba yake ikamfaa, maana vyombo vya kupimia alijitengenezea. Swali lake: waya ikiwa ndefu ao nyembamba, kurani inapunguka namna gani? Mwaka 1825 alitoa jibu mbio mbio, nalo halikuwa sawa, juu pile za wakati ule nguvu yake haikutulia. Akaanza tena. Akaunganisha shaba na bismuti, upande mmoja katika maji yenye kuchemka, upande mwingine katika barafu, na nguvu ikatulia. Akapima waya nane za shaba, unene mmoja, urefu mbalimbali. Mwaka 1826 hesabu ikakaa: urefu ukizidi mara mbili, rezistansi inazidi mara mbili, eneo la mkato wa waya likizidi mara mbili, rezistansi inabaki nusu.

Mambo hayo yanafika mpaka nyumbani. Kwa mjomba wangu, kutoka kompteri mpaka tablo ya nyumba ni metre 50. Fundi mmoja alivuta waya ya shaba ya milimetre mraba 4. Kurani inaenda na kurudi, basi hesabu metre 100. Shaba ya metre 1, mkato wa milimetre mraba 1, ina karibu ohm 0,0175. Zidisha kwa 100, gawanya kwa 4: ni ohm 0,44. Mke wa mjomba akiwasha pasi na resho pamoja, tuseme amperi 20, karibu volti 9 kati ya 220 zinabaki njiani, na wati 175 zinapasha waya moto bure. Waya haiungui, amperi hizo inaziweza; lakini taa zinalegea. Kwa waya ya 10 zingepotea volti 3,5 tu. Fundi aliangalia amperi, hakupima urefu. Na sisi kila jioni tulikuwa tunalaumu santrali!

Turudi kwa Ohm. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827. Alitumaini kupewa kiti cha universite. Wakubwa wengi wakakipokea baridi. Mwaka 1828 akaacha kazi ya Köln, akaishi kwa masomo ya mshahara mdogo mpaka Nürnberg walipomwajiri mwaka 1833. Sifa ilianzia ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Kiti cha profesa wa fizike München alikipata mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Alikufa tarehe 6 Julai 1854.

Mwaka 1881 mkutano wa Paris ukachukua jina lake kuwa kipimo cha rezistansi.

Mjomba amekwisha kuuliza bei ya waya ya 10.