Paul Robeson na Nafasi ya Mchezaji wa Kumi na Moja

Wako wasemao kuwa nyimbo na michezo hazihusiani na siasa. Kila nisikiapo hayo humkumbuka Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1898, mwana wa mchungaji ambaye ujanani alitoroka utumwani.

Wengi wetu twamjua kwa sauti yake, nzito kama yatoka chini ya ardhi. Lakini kabla ya sauti ulikuwa mpira. Alipoingia chuo cha Rutgers mwaka 1915 alitaka kucheza kandanda ya Kimarekani, ile iliyo jamaa ya raga. Wazungu wa timu yake mwenyewe walimpokea kwa kumvunja pua na kumtegua bega, na mmoja akamkanyaga mkono kwa njumu hata kucha zikang'oka. Hakuondoka. Mwaka 1917, na tena 1918, aliteuliwa miongoni mwa wachezaji bora 11 wa Marekani nzima.

Alisomea sheria, akaiacha, akashika jukwaa. Mwaka 1934 aliingia chuo cha lugha za mashariki mjini London, na miongoni mwa lugha alizojifunza ni hii yetu ya Kiswahili. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya Sanders of the River, ambamo Jomo Kenyatta naye alionekana kidogo. Robeson alidhani itamtukuza Mwafrika. Kumbe ilimtukuza Bwana D.C., naye akaichukia.

Mwaka 1943, akiigiza Othello mjini New York, alikwenda mbele ya wakuu wa besiboli kuwataka wawafungulie weusi milango. Mwaka 1947 akaingia Jackie Robinson. Sasa tazama vitimbi vya dhuluma: Julai 1949, Robeson alipokwisha kuwaudhi wakubwa kwa maneno yake ya kutotaka vita na Urusi, kamati ya Bunge ilimwita nani aje kumpinga? Ilimwita Robinson huyo huyo. Mimi simlaumu sana; katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1972 mwenyewe alionyesha kuwa mwaliko kama ule asingeupokea tena.

Mwaka 1950 Robeson alinyang'anywa pasipoti, nayo hakurudishiwa mpaka 1958. Kumbi zilimfungia milango. Mwaka 1957 Waingereza walikusanyika London wakamsikiliza akiwaimbia kwa waya wa simu kutoka ng'ambo ya bahari.

Hayo yote naweza kuyaelewa, maana mwimbaji ana ulimi, na dhalimu huogopa ulimi. Lililonishangaza ni kitabu kimoja cha kumbukumbu za kandanda kilichotoka mwaka ule ule wa 1950. Timu ya mwaka 1918 iliandikwa humo ina wachezaji 10. Mchezo ni wa watu 11! Basi walimfuata mtu mzima hadi ujanani mwake, wakamtoa uwanjani miaka 32 baada ya mechi kwisha.

Robeson alifariki Januari 1976. Jumba la heshima la kandanda ya vyuo lilimpokea mwaka 1995.