Michael Faraday
Michael Faraday (22 Septemba 1791 – 25 Agosti 1867) alikuwa mwanafizikia na mwanakemia kutoka nchini Uingereza.

Alikuwa mtoto wa mhunzi na shule alisoma kidogo tu. Akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu huko London, alivisoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1813 Humphry Davy alimwajiri kama msaidizi wa maabara.

Mwaka 1836 alijenga chumba kilichozungushiwa metali, akaingia ndani na vipimio vyake huku chumba kikitiwa chaji hadi cheche zikaruka nje. Ndani hakukuwa na dalili ya umeme, kwa kuwa chaji yote ilikaa kwenye uso wa nje. Ndiyo maana aliyemo ndani ya gari la bati husalimika radi ikipiga. Si kwa sababu ya matairi ya mpira, kama wengi wanavyodhani.

Mwaka 1843 aliteremsha tufe lenye chaji ndani ya ndoo ya metali kwa uzi wa hariri. Tufe lilipozama vya kutosha, nje ya ndoo ilijitokeza chaji ya kiasi kilekile, hata liliposogezwa huku na huku. Carl Friedrich Gauss alikuwa ameieleza kanuni hiyo kihisabati mwaka 1835: jumla ya uga wa umeme unaopita kwenye uso uliofungwa hutegemea chaji iliyomo ndani tu.

Faraday hakujua hisabati ya juu. Aliwaza kwa kuchora mistari ya nguvu, na baadaye James Clerk Maxwell akaigeuza kuwa milinganyo.