Askofu Lucas na Mungu Aliyetangulia Masasi

William Vincent Lucas alikuwa Mwanglikana, ila maisha yake yanatufundisha sisi Wakatoliki jambo kuhusu Mungu. Mwaka 1926 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, na Newala ikawa chini yake. Tangu akiwa padre huko aliwakuta Wayao, Wamakua na Wamakonde wakipeleka watoto jandoni. Kwingi wamisionari walipiga marufuku desturi kama hizo. Mzazi Mkristo alibanwa: aasi Kanisa, au mwanawe ahesabiwe mtoto hata uzeeni.

Lucas hakufuta jando. Aliweka jando la Kikristo, lenye padre, sala na mafundisho, akaondoa yaliyopingana na Injili. Msingi wake ulikuwa imani juu ya Mungu mwenyewe. Muumba ni mmoja, wala hakungoja meli ya wamisionari ndipo awapende watu wa Masasi. Yule ambaye Wayao walimwita Mulungu ndiye Baba wa Yesu Kristo, na neema yake hutakasa alichokiumba.

Lucas alistaafu mwaka 1944, akafariki mwaka uliofuata. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tujiulize: tukitumwa kijijini, tutatafuta kwanza makosa ya watu, au kazi ya Mungu aliyetutangulia?