GAVANA ALIYECHAGUA HAKI KULIKO KITI

Mwenye madaraka hupimwa siku ile ambayo haki na kiti chake haviwezi kukaa pamoja. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wafanyakazi, habari za John Peter Altgeld, aliyekuwa Gavana wa Jimbo la Illinois katika Marekani.

Altgeld alizaliwa Ujerumani mwaka 1847, akachukuliwa Marekani angali mchanga, akakulia shambani kwa wazazi wake huko Ohio. Alikuwa askari, mwalimu, mwanasheria, kisha jaji mjini Chicago, akatajirika kwa biashara ya majumba na viwanja. Mwaka 1892 alichaguliwa kuwa Gavana.

Alikuta jambo zito likimngoja. Tarehe 4 Mei, 1886, katika mkutano wa wafanyakazi mtaa wa Haymarket, Chicago, mtu asiyejulikana alitupa bomu, na askari polisi 7 wakapoteza maisha. Watu wanane walitiwa hatiani, ingawa haikuthibitishwa ni nani aliyelitupa. Wanne walinyongwa, mmoja alijiua gerezani, watatu wakabaki kifungoni.

Wengi waliwaombea watatu hao huruma. Altgeld hakutoa huruma, alitoa haki. Alizisoma kumbukumbu za kesi, na tarehe 26 Juni, 1893, akawafungua, akieleza wazi kwamba wazee wa baraza walichaguliwa kwa hila, ushahidi haukutosha, na jaji alikuwa na upendeleo. Magazeti makubwa yalimshambulia vikali.

Hakurudi nyuma. Mwaka huo huo alitia sahihi sheria ya kuwakataza watoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa viwandani. Mwaka 1894, wakati wa mgomo wa Pullman, Rais Cleveland alipeleka majeshi Illinois bila ya kuombwa. Altgeld, ambaye hakusita kutoa askari wa jimbo kulinda amani walipohitajiwa, alipinga kitendo hicho hadharani.

Mwaka 1896 alishindwa katika uchaguzi. Mali yake ilikwisha, akarudi kwenye uwakili, akafariki mwaka 1902 akiwa na umri wa miaka 54.

Je, alipata hasara? Sisi twasema hapana. Kiti kile kingemtoka siku moja, apende asipende. Lakini watu watatu walirudi majumbani mwao wakiwa huru, na hilo hakuna kura iliyoweza kulitangua.