Dk Alice Hamilton, daktari aliyefuata sumu ya kiwandani hadi mlangoni kwa mfanyakazi

Katika hospitali moja ya Chicago, Marekani, mwaka 1910, kulikuwa na mgonjwa mwenye maumivu makali ya tumbo na viganja vilivyolegea, asiweze kuviinua. Alikuwa mhamiaji kutoka Poland, na kazi yake ilikuwa kupaka enameli kwenye mabafu ya chuma. Dk Alice Hamilton alizitambua dalili hizo. Ni sumu ya madini ya risasi.

Alikwenda kiwandani. Wakubwa wakamhakikishia kuwa enameli yao haina risasi, wakamwonyesha chumba ambamo mafundi walikuwa wakipaka mabafu. Hakuridhika. Akamfuata mgonjwa yule nyumbani kwake, na huko ndiko alikoambiwa ukweli. Alichoonyeshwa kilikuwa kazi ya kumalizia tu. Kazi yenyewe ilifanyika sehemu nyingine, ambako watu walinyunyiza unga wa enameli juu ya bafu lililokuwa jekundu kwa moto, huku wakivuta vumbi lake. Unga ulipopimwa, ulikutwa na risasi hadi asilimia 20.

Hamilton alizaliwa mwaka 1869 na kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Mwaka 1897 alihamia Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyokuwa katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini, Chicago. Majirani zake ndio waliomfanya ajiulize kwa nini wanaume wenye nguvu huharibikiwa afya mapema.

Wakati huo wenye viwanda wengi walidai kuwa mfanyakazi hujidhuru mwenyewe kwa kula bila kunawa mikono. Hamilton alionyesha kuwa hatari kubwa ni vumbi na moshi anaovuta. Katika uchunguzi wa Jimbo la Illinois, yeye na wenzake walipata wagonjwa 578 wa sumu ya risasi. Mwaka 1911 jimbo likapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi, ikiwamo kupimwa na daktari kila mwezi.

Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, ingawa hakuruhusiwa kuandamana na wahadhiri wenzake siku ya mahafali. Mwaka 1925 alionya dhidi ya kutia risasi kwenye petroli. Hakusikilizwa. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Alifariki dunia Septemba 22, 1970 akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye, Marekani ikapata sheria ya taifa ya usalama na afya kazini. Kanuni ya kuwataka waajiri wa viwandani kuwaeleza wafanyakazi kemikali wanazoshika ilitolewa mwaka 1983.

Kama unapaka rangi, unachomelea vyuma, unapulizia dawa shambani au unayeyusha betri chakavu, uliza jina la kemikali unayotumia. Soma lebo, na omba karatasi ya maelezo ya usalama wake. Badili nguo na uoge kabla ya kuwashika watoto, kwa sababu vumbi la risasi hufuata nguo hadi nyumbani. Ukiugua, mwambie daktari kazi unayofanya hata kama hajakuuliza.